Baiskeli Isiyo na Keria

Kina mama, na nyie wanaume wawili mliokaa karibu na mlango, sogeeni mbele. Leo nina mtu wa kumsengenya. Jina lake silitaji, na msigeuke kumtafuta, hayumo humu.

Bwana huyo alikaa milimani, mkewe mjamzito, mwezi wa mwisho. Walikuwa na baiskeli nyeusi, ngumu, yenye keria pana nyuma. Ndiyo iliyombeba mke kila siku ya kliniki. Siku moja akashuka nayo mjini, akapita dukani.

"Mzee, bado unaendesha hiyo?" muuzaji akamshangaa. "Siku hizi kila njia ina baiskeli yake! Kuna ya kupandia, kuna ya kushukia, kuna ya changarawe. Na hii ndiyo ya mlima wenyewe, ya watu wanaojielewa."

"Mwaka jana si ulisema ile ya kushukia ndiyo mwisho wa baiskeli?"

"Ulikuwa mwisho wa mwaka jana, mzee!"

Mnacheka? Ngojeni. Akaiacha ile nyeusi palepale, akaongezea pesa, akarudi na mpya: matairi manene, springi mbele, springi nyuma. Mkewe akaizunguka mara mbili.

"Mume wangu, mimi nitakaa wapi?"

"Hii haiwekwi keria. Inaharibu umbo lake."

"Na mimi umbo langu hili nilipeleke wapi?"

Wiki haijaisha, uchungu ukamshika. Zahanati iko chini kabisa, na gari haliingii njia ile. Mume akajaribu kumkalisha kwenye bomba, pale kati ya kiti na usukani. Bomba limeinama, anateleza. Springi zinacheza, mama wa watu analia. Niambieni, katika aina zote alizotajiwa dukani, ipi ilikuwa ya siku ile?

Aliyewaokoa ni jirani yao, muuza mkaa, ambaye juzi tu bwana huyu alimcheka eti baiskeli yake ni ya enzi za babu. Jirani akashusha gunia, akaifuta keria kwa shati lake. "Shemeji, panda." Mume akakimbia kando kwa miguu, amemshika mkewe mgongo. Mtoto akazaliwa mlangoni pa zahanati, wa kike, mzima, kanga yote masizi.

Sasa tusimcheke sana. Sisi je? Mara kikundi cha maombi ya alfajiri, mara cha maombi ya mlimani, kila mwaka jina jipya na fulana zake. Mimi mwenyewe ninazo tatu! Lakini Mungu hatatuuliza tulikuwa kikundi gani. Atauliza tulimbeba nani. Mama Hoza hajaingia kanisani tangu Pasaka, mguu umemvimba, na sisi tunapita mlangoni kwake tukiimba!

Mimi leo chai ya baada ya ibada sisubiri. Nimevaa raba. Baraka ikishatolewa tunakwenda kwake, na kesho zahanati atafika, hata kama ni kwa machela ya kanga zetu. Anayekuja asimame sasa hivi, nimwone.