Mtembezi Husubiriwa

Mtembezi husubiriwa, msafiri huombewa. Mmeyasikia maneno haya mkacheka, wajukuu zangu. Basi sikilizeni yalikozaliwa.

Zamani, bonde la Rufiji, mtu hakusafiri kimyakimya. Aliyekwenda mbali kutafuta maisha alisimama mlangoni akasema, "Nasafiri." Mama yake alitia maji kinywani, akampulizia miguuni, akalia mpaka akachoka. Tangu hapo waliobaki walimwombea dua, na maisha yakaendelea. Anayetoka kutembea tu haagi. Huyo huwekewa chakula chake.

Mkumba alikuwa mwana wa pekee wa Bi Sikuzani, mjane. Alipoamua kwenda kwenye mashamba ya mkonge, Tanga, aliyaogopa machozi ya mama yake. Akatoka mikono mitupu.

"Waenda wapi, baba?"

"Natembea tu, mama."

"Usichelewe basi. Kambale wako jikoni."

Njiani alijiona mwema, maskini, ati kamwepushia mama uchungu.

Alirudi masika mawili yamepita. Pale ilipokuwa nyumba yao akakuta matope makavu na mabua. Akapanda mlimani walikohamia watu, akamkuta mjomba wake, Mzee Ngwele, akisuka mtego wa samaki.

"Mjomba, mama yuko wapi?"

Mzee akaweka mtego chini. "Mto ulifurika masika yale yale uliyoondoka. Nilimpelekea mtumbwi, nikamsihi, nikamshika hata mkono. Akasema, 'Mkumba ametoka kutembea. Akirudi akakuta nyumba tupu, je?' Nikamwambia, dada, huyu kasafiri. Akanikasirikia. 'Mwanangu angesafiri, angeniaga.' Watoto wa jirani walikuwa wanalia juu ya paa, nikawavusha wao kwanza. Niliporudi, nyumba haikuwapo."

Mkumba akaketi chini.

"Sikutaka alie, mjomba."

"Angelia," mzee akasema. "Kisha angefuta machozi akapanda mtumbwi."

Mkumba hakutoka tena kijijini, wala sijui kama moyo wake ulipata kupoa. Lakini kila kijana aliyemwona akinyemelea njia ya mbali bila kuaga, alimshika mkono akamrudisha mpaka mlangoni kwa mama yake. Hakumgombeza. Alimwambia tu: mtembezi husubiriwa, msafiri huombewa.