Aliyetumwa na Nyumba Kumi

Wapendwa, palikuwa na mama mmoja, jina lake tuliache, ambaye alikuwa amechoka. Hakuwa mgonjwa, alichoka tu. Mnawajua watu wa namna hiyo. Kukiwa na mkutano wa maji, atumwe yeye. Kukiwa na msiba mtaa wa pili, akapike yeye. Watu wa nyumba kumi za mtaani kwake walishazoea, na balozi wao, yaani kiongozi wa nyumba hizo, mzee mwenye maneno matamu, hakuhangaika tena kuuliza nani ana nafasi. Alikwenda kupiga hodi kwake tu.

Sasa, mtaa ule ulikuwa na shimo kubwa. Kila mtu alichimba udongo wa tofali pale, akajenga, akaliacha. Mvua za masika zikija linajaa hadi ukingoni, na watoto hawasikii. Zahanati ikatoa tangazo: kila nyumba kumi zilete watu wafundishwe kumhudumia mtoto aliyezama. Zilete watu, wapendwa, siyo mtu. Balozi akapiga hodi palepale alipozoea.

Safari hii yule mama hakunung'unika. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na shimo, na alikuwa na binti wa miaka minne, wa pekee, asiyetulia hata kidogo. Alikwenda jioni tatu baada ya kutoka shambani, akapiga magoti sakafuni mpaka yakavimba, akajifunza. Kisha akaenda kwa balozi.

"Shikamoo, mzee. Nimemaliza. Waite watu kesho niwaonyeshe, haichukui hata nusu saa."

"Marahaba, mwanangu. Sasa wote tukajue ya nini? Wewe si umeshajua? Mmoja akijua inatosha."

"Na nisipokuwepo?"

"Utakwenda wapi wewe?"

Utakwenda wapi! Na yeye mzee ndiye aliyekuwa akimtuma kote. Lakini mtu akichoka, hata kubishana ni kazi. Mama akasema haya, akarudi nyumbani kuosha vyombo.

Haikupita wiki, msiba ukatokea mtaa wa pili. Akatumwa kupika, mtoto akamwachia jirani. Mchana, akiwa anasonga ugali wa waombolezaji, pikipiki ikasimama karibu na jiko.

"Mama, unaitwa. Mtoto amezama shimoni. Wameshamtoa, wanakungoja wewe."

"Mtoto wa nani?"

Mwenye pikipiki akageuza pikipiki. "Panda, mama. Ni wako."

Alipofika aliwakuta watu kama arobaini wamesimama. Walikuwa wamefanya walichokijua: walimshika mtoto miguu, wakamning'iniza kichwa chini, wakamtikisa ili maji yatoke. Wakamkamua tumbo. Halafu wakamlaza juu ya kanga, wakangoja. Walimtoa majini mapema, wapendwa. Muda ulipotea pale juu ya kanga, katikati ya watu wazima wenye mikono yao.

Mama hakulia. Alimlaza chali, akainua kidevu, akabana pua, akampulizia pumzi tano kinywani. Akaweka kiganja katikati ya kifua, akasukuma kwa nguvu, harakaharaka, mara thelathini. Akapuliza mbili, akasukuma tena. Aliendelea hivyo bila kumtazama mtu, mpaka mganga wa zahanati alipofika, akamwangalia mtoto kwa muda, akamshika mama mkono. "Basi, mama. Basi."

Balozi alikuwepo muda wote, kofia mkononi. Akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, mzee. Niliwaomba nusu saa."

Nawaona mnatikisa vichwa. Mnamlaumu balozi, siyo? Lakini sisi ni akina nani katika mfano huu? Si ndio wale arobaini? Tuna mtu wetu wa kutembelea wagonjwa, mtu wetu wa kwenda semina, mtu wetu wa kukesha na wafiwa, na akichoka tunamsifu kwamba ana moyo. Tumemwachia yeye peke yake kazi ya kupenda, kisha tunasimama tunamngoja afike. Hata mimi. Juzi niliombwa jina la mtu wa kufundishwa jambo hilihili, nikaandika jina kabla sijamuuliza mwenyewe. Mama niliyeandika jina lako, umeketi pale safu ya nne. Nisamehe.

Nimechoka kuzika watoto, wapendwa. Nasema kweli, nimechoka. Sanduku lile dogo halina uzito wowote.

Kwa hiyo leo hatumtumi mtu. Muuguzi amekaa pale mlangoni, ametandika mkeka na kuweka mdoli wake wa kufanyia mazoezi. Baraka ya kufunga ibada sitaitoa hapa madhabahuni. Nitaitoa pale mkekani, kwa mmoja mmoja, akishasukuma na kupuliza kwa mikono yake na kinywa chake. Wazee wa kanisa, simameni. Tunaanza na sisi.