Gari la Kiooni Halikwaruzi Tumbo

"Gari la kiooni halikwaruzi tumbo." Mmemsikia mama yenu mdogo akimjibu hivyo yule kijana aliyekuwa akisifia maisha ya watu aliowaona kwenye simu, nanyi mkacheka. Mmecheka kwa kuwa mmefikiria gari lenye tumbo kama la ng'ombe. Watu wa Himo hawacheki wakiisikia kauli hiyo. Wala si methali ya babu zetu. Waliokuwapo ilipotamkwa mara ya kwanza wangali hai. Ilianza hivi.

Pale Himo, nyuma ya soko, palikuwa na kibanda cha gemu. Mwenyewe alikuwa Eliufoo, na aliyemsaidia kukiendesha alikuwa mdogo wake wa kike, Haikaeli. Vijana walikuja kushindana magari kwenye televisheni, na hakuna aliyemshinda Haikaeli. Akishika pedi ya kuchezea, hata waliokuwa wakipiga kelele walinyamaza wamtazame.

Eliufoo alikuwa na gari la kweli pia. Lilikuwa gari la mbio, jekundu, la milango miwili, aliloachiwa na baba yao mdogo aliyekuwa fundi wa magari Moshi. Na gari hilohilo lilikuwamo kwenye gemu: taa zilezile, usukani uleule, hata mngurumo wa injini ni uleule. Kitu kimoja tu hakikulingana. Kwenye gemu gari lilikuwa limelala chini kabisa, limeshikamana na lami, na kati ya tairi na bodi hapakupita hata kidole. La Eliufoo ungeweza kupitisha ngumi.

Vijana hawakuliacha jambo hilo. "Foo, lako limesimama kama mbuzi aliyesikia fisi," walimwambia. Wakicheka, naye alicheka, lakini jioni Haikaeli alimwona amechuchumaa kando ya gari lake, akiingiza mkono juu ya tairi na kuutoa.

Aliyemtetea alikuwa Aminieli, rafiki yake tangu utotoni, mwana pekee wa mama mjane aliyeishi jirani yao. "Mwacheni na gari lake," Aminieli alikuwa akisema. "Likiingia barabarani mtaomba lifti."

Siku moja Eliufoo alitangaza kwamba atakata springi ili gari lilale kama la kwenye gemu. Haikaeli alingoja vijana waondoke. Walipoondoka, akawasha televisheni, akarudisha nyuma picha ya mashindano ya mchana ule mpaka pale gari jekundu lilipopanda ukingo wa barabara, kisha akaisimamisha.

"Kaka, njoo uone."

Eliufoo akaja, amesimama nyuma yake.

"Tazama tairi la mbele. Limeingia ndani ya bati. Na tumbo la gari limezama kwenye zege, kama kijiko kwenye uji. Halafu linatoka salama, wala hakuna mkwaruzo. Gari la kweli halifanyi hivi."

"Hiyo ni picha tu imekosewa."

"Basi na huko kulala kwake ni picha tu."

Eliufoo akasogea karibu na kioo. "Waliotengeneza gemu hili walipima kila kitu," akasema. "Sauti ni yenyewe. Saa za mbele ya dereva ni zenyewe. Hata ule mshono wa kiti ni wenyewe. Iweje wasipime urefu wa kutoka chini?"

"Labda walipima, kisha wakalishusha lipendeze. Kwao hakuna kinachogusana na kingine. Kwetu kuna lami, kaka, na kuna bati."

"Wewe kazi yako ni pedi. Gari niachie mimi."

Haikaeli akazima televisheni. Alikuwa mdogo wake, na alikuwa amekwisha sema. Angeweza kwenda kwa Aminieli, maana Eliufoo alimsikiliza Aminieli kuliko mtu yeyote, lakini alikuwa amechukia, hakwenda.

Springi zikakatwa. Gari likalala, na vijana wakalipiga picha. Eliufoo aliendesha peke yake polepole mjini, na likikwaruza kwenye tuta yeye alijifanya hakusikia.

Jumapili moja wakapanda Marangu kwenye sherehe ya kipaimara ya mtoto wa shangazi yao. Eliufoo alikuwa kwenye usukani, Aminieli pembeni yake, na Haikaeli nyuma. Kupanda kulikwenda vizuri, kwa kuwa gari lilikwenda polepole. Wakati wa kurudi shangazi aliwafungashia ndizi, nyama na ndoo ya pombe ya mbege ya kumpelekea mama yake Aminieli. Gari likazidi kulala kwa uzito huo.

Walipoanza mteremko, Haikaeli akasikia mlio chini yake, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Kisha ikaja harufu ya mpira unaoungua.

"Kaka, tairi linasaga bodi. Simama."

"Tumekaribia kufika."

"Simama, Foo," Aminieli naye akasema. "Tushuke tuangalie."

"Baada ya kona hii," alijibu Eliufoo.

Baada ya kona hiyo barabara ilikuwa imebonyea, pale maji ya mvua hupita. Gari likatumbukia, bati likalikandamiza tairi, tairi likapasuka. Tumbo likagonga ukingo wa lami kwa kishindo, gari likapaa upande mmoja na kubingirika hadi kwenye migomba ya watu, likalalia upande wa Aminieli.

Haikaeli alitolewa bega limevunjika. Eliufoo alitolewa akiwa hajitambui, na mguu wake mmoja haukuokolewa. Aminieli walimfunika kwa kanga hapohapo, huku mbege ikichuruzika kwenye nyasi.

Walimzika kwenye kihamba cha baba yake, shamba lao la ukoo. Kibanda cha gemu kikafungwa. Wiki zikapita bila mtu kukigusa, mpaka Haikaeli alipokwenda siku moja kufungasha televisheni zikauzwe. Eliufoo aliketi mlangoni na magongo yake. Tangu atoke hospitali alikuwa haongei ila akiulizwa.

Mama Aminieli akaja. Haikaeli akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia mlilikata lile gari lifanane na la humu. Nionyeshe la humu."

Haikaeli akaunganisha televisheni moja, akashika pedi kwa mkono wake mzima, ule mwingine ukisaidia ulivyoweza. Gari jekundu likatokea limelala kwenye lami. Mama Aminieli akasogeza kigoda, akakaa karibu na kioo. Gari likaenda, likapanda ukingo, likashuka, likapita kwenye mabonde na mawe.

"Hapo limegonga?"

"Hapana, mama."

"Na hapo? Mbona limepita juu ya jiwe?"

"Humu halikwaruzi, mama. Hata ukiligonga."

Yule mama akatazama mpaka mbio zikaisha na gari likasimama, linang'aa kama lilivyoanza. Akainuka, akajifunga kanga yake vizuri. Pale mlangoni akasimama mbele ya Eliufoo, na sauti yake haikuwa na hasira. Ingekuwa nayo, Eliufoo angeibeba kwa urahisi zaidi.

"Gari la kiooni halikwaruzi tumbo, mwanangu," akasema. "Lililombeba Aminieli wangu lilikuwa na tumbo."

Akaenda zake. Eliufoo akalia kwa mara ya kwanza tangu ajali, na Haikaeli hakwenda kumbembeleza, kwa kuwa naye alikuwa akimlilia Aminieli, ambaye yeye hakwenda kumwambia siku ile ya springi.

Wanawake sokoni waliliokota neno hilo, likapanda Marangu, likashuka mpaka kwetu. Leo huambiwa neno hilo kila anayetaka kuyapima maisha yake kwa kitu alichokiona kikipita mahali pasipo mawe. Mama Aminieli ni mzee sasa, na nyumbani kwake hakuna wa kumchotea maji. Mkiisikia tena kauli hii msicheke. Gari la kiooni halikwaruzi tumbo.