Bi Ngiri na Fungu la Maskini

Zamani zile wanyama walipokuwa wakipika chakula chao mekoni kama sisi, mvua iliipa mgongo Mbuga ya Kirurumo msimu baada ya msimu. Mtama ulikauka ungali mche. Viazi vilinyauka ardhini. Mto ukageuka njia ya vumbi, likabaki dimbwi moja tu la kunywea, nalo rangi yake kama chai iliyozidi maziwa.

Kitu kimoja tu hakikukauka, nacho ni majivuno. Jioni ikifika, kila nyumba ilitoa moshi. Kila mtu alibandika chungu, akapuliza moto, akagonga mwiko ukingoni, ko! ko! ko! ili jirani asikie kwamba humu watu wanapika. Bibi Twiga, ambaye nyumba yake ilitazamana na njia kuu, hakutoka nje bila kijiti mdomoni. Alipita akijichokonoa meno taratibu, kama mtu aliyetoka karamuni.

Aliyeshindwa kujificha alikuwa Bi Ngiri. Mumewe alikufa ukame ulipoanza, akamwachia watoto na shimo la kulala. Kila asubuhi alionekana uwandani amepiga magoti, pua chini, akichimbua mizizi. Ngiri wote hula wamepiga magoti, ndivyo walivyoumbwa, na miaka yote hakuna aliyeona ajabu. Lakini mwaka ule wenzake walianza kumtazama kwa jicho jingine.

"Mwangalie," Bibi Twiga alimwambia Sungura, wala hakushusha sauti. "Keshazoea kupiga magoti. Mtu akianza kuomba, miguu haisimami tena."

Bi Ngiri alisikia. Alijikung'uta vumbi, akainua mkia wake wima, akaenda zake kama ambaye hakusikia.

Basi habari za njaa zikamfikia Simba, mfalme wa mbuga. Simba alikuwa na ghala kubwa lililojazwa miaka ya neema, na alipenda sifa kuliko nyama. Akapiga ngoma, wanyama wakakusanyika, akapanda juu ya mwamba wake.

"Haitasemwa," akanguruma, "kwamba katika enzi yangu mnyama alikufa njaa! Kuanzia leo, kila wiki ghala langu litatoa mafungu ya mtama na viazi vikavu kwa nyumba maskini. Haya, walio maskini wasogee mbele, niwaone!"

Hakusogea mtu. Kila mmoja alimtazama mwenzake, kana kwamba neno maskini ni matope na yeyote atakayejongea yatamrukia. Bi Ngiri aliinua mguu. Hapo hapo akahisi macho ya umati mzima mgongoni mwake, akasikia Bibi Twiga akikohoa kikohozi cha makusudi. Akaurudisha mguu chini.

Ndipo Fisi alipojipenyeza hadi mbele, ameinamisha kichwa kwa adabu.

"Mfalme mtukufu," akasema, "umaskini ni kitu cha aibu. Nani atajitaja hadharani? Mimi nawajua wote, nyumba kwa nyumba. Nikabidhi mafungu hayo, niwapelekee kwa mlango wa nyuma, usiku, asione mtu. Tuwasitiri."

"Fisi!" Simba akasema, ameguswa. "Kumbe una utu!"

Hakuna aliyewahi kumwambia Fisi neno hilo tangu azaliwe. Nusura acheke. Akajiuma ulimi.

Tangu siku ile, kila wiki mkokoteni wa Fisi ulitoka ghalani umejaa na kurudi mtupu. Kila mnyama aliusikia gizani ukipita na magurudumu yake yanayolia, akajiuliza unakwenda kwa nani. Hakuna aliyeuliza kwa sauti. Maana kusema "mbona mimi sijapata?" ilikuwa ni sawa na kusema "mimi ni maskini," na heri ufe na njaa yako.

Kimya hicho kilimfaa sana Fisi, lakini Fisi ni Fisi, hatosheki hata na kimya. Akawa anakaa kando ya dimbwi, mguu juu ya mguu, akizungumza na wanaokuja kunywa.

"Majina sitaji," alisema. "Siri ya mtu ni siri. Ila mbuga hii ina watu wanakula bure, na asante hawana. Wavivu! Kazi yao kuzaa tu." Kisha akawatupia jicho watoto wa Bi Ngiri.

Hakuhitaji kusema zaidi. Kesho yake Bi Ngiri alipofika dimbwini aliambiwa angoje. "Wewe unakula cha mfalme, utakunywa tukimaliza sisi." Watoto wake wakikaribia kucheza, wenzao waliitwa nyumbani. Na Fisi je? Fisi alinenepa, shingo ikafanya mikunjo, manyoya yakang'aa. "Bwana Fisi ameneemeka," wanyama walisema kwa heshima, wakampisha akae kivulini. Hakuna aliyemuuliza ameneemeka kwa lipi.

Ikaja siku ambayo binti mdogo wa Bi Ngiri, jina lake Siwazuri, alishindwa kuinuka. Alilala tu akitetemeka kwa baridi, na moto wa nyumbani ulikuwa umezimika. Bi Ngiri akachukua kigae, akaenda kwa jirani yake Sungura kuomba kaa la moto.

"Karibu, karibu sana!" Sungura alimpokea kwa bashasha. Midomo yake iling'aa mafuta. "Ungewahi kidogo ungenikuta nakula. Yaani nimeshiba hadi kuinama siwezi!"

"Alhamdulillahi, jirani. Mimi naomba kaa tu. Mwanangu anaona baridi."

Chungu cha Sungura kilikuwa kikichemka mekoni, kikigonga go! go! go! kama kina mifupa mikubwa. Bi Ngiri akainama kuchota kaa, pembe ya jino lake ikagusa kifuniko, kifuniko kikaanguka. Akachungulia bila kukusudia. Ndani ya chungu kulikuwa na maji, na ndani ya maji kulikuwa na jiwe.

Wakatazamana.

"Hiyo," Sungura akasema, "ni supu."

"Supu ya jiwe?"

"Linagonga vizuri. Jirani akisikia anadhani ni mfupa." Masikio yake yakaanguka pande zote mbili za uso. "Na haya mdomoni ni mafuta ya nyonyo. Usimwambie mtu, dada yangu, nakuomba."

Bi Ngiri aliketi chini akacheka. Alikuwa hajacheka tangu amzike mumewe, na kicheko kilitoka kikiwa na machozi. Alipotulia akasema, "Kwa hiyo fungu la mfalme hulipati?"

"Mimi? Si unapata wewe! Mbuga nzima inajua."

"Nani kakwambia?"

Sungura akajaribu kukumbuka. Kusema kweli, hakuna aliyemwambia. Alikuwa ameona magoti yenye vumbi na watoto wengi, akajijazia mengine.

"Mimi nilidhani anapata Nungunungu," Bi Ngiri akasema.

Wakaenda hadi kwa Nungunungu. Walimkuta mlangoni, miiba imesimama yote. "Nani kasema nina njaa?" akafoka kabla hawajaketi. "Mimi sina njaa!"

"Mimi ninayo," Bi Ngiri akasema.

Miiba ikalala mmoja mmoja. Nungunungu akatazama chini. "Hata punje," akasema kwa sauti ndogo. "Sijawahi kuona hata punje."

Hapo Sungura akaelewa mchezo wote, na akili yake, ambayo ilikuwa imedorora kwa njaa, ikaanza kukimbia. "Tukimshtaki Fisi hivi hivi," akasema, "atasema alituletea, ila tunaona aibu kukiri. Na nani ataaminiwa, yeye mnene au sisi wakondefu? Mwacheni ajifunge mwenyewe. Mimi naenda kwa Simba."

Alimkuta Simba akichana manyoya. "Mfalme," akasema, "nimehuzunika. Maskini wanakula chakula chako, na hujaimbiwa hata wimbo mmoja wa shukrani. Kwa nini Fisi asiwaite wote mbele ya watu, wakushukuru kwa majina yao?"

Simba aliupenda ushauri huo kiasi kwamba aliamuru ngoma ipigwe siku iliyofuata.

"Usiogope," Sungura alimwambia Bi Ngiri wakati wa kuagana. "Mimi nitasema wa kwanza. Wewe unifuate tu."

Wanyama wakajaa chini ya mwamba. Bi Ngiri alikuja amembeba Siwazuri mgongoni. Fisi alisimama mbele ya wote akitokwa jasho, maana amri ya kuwataja walengwa ilimshukia ghafla. Macho yake yalizunguka huku na huku yakitafuta jina ambalo hakuna atakayelitilia shaka. Yakatua.

"Bi Ngiri!" akaita. "Huyu, Mfalme, hajakosa fungu hata wiki moja."

"Tulijua!" umati ukavuma.

Bi Ngiri akamtazama Sungura. Sungura alikuwa amesimama karibu na mabinti wa Swala, wazuri, wenye shingo za madaha, na midomo yake iling'aa mafuta. Akaanza kutazama kucha zake za miguu. Bi Ngiri akajua kwamba Sungura, pamoja na akili zake zote, leo hatasema neno.

Pumzi za mwanawe zilikuwa zikimgusa shingoni, nyepesi kama za ndege. Akapiga hatua mbele.

"Mfalme," akasema, "mimi ni maskini."

Kisha akapaza sauti.

"Kwa walio nyuma ambao hawakusikia: mimi ni maskini. Mume sina, akiba sina, na mwanangu huyu hawezi kusimama kwa njaa. Nilikuwa naona haya kulisema, na haya hiyo imekaribia kuniulia mtoto. Lakini fungu lako sijaliona. Hata gunia lake sijui lina rangi gani."

"Mnaona?" Fisi akaruka. "Ndivyo maskini walivyo! Anakula, anapangusa mdomo, anakana!"

Vichwa vingi vikatikisika kukubali. Simba akakunja uso. "Bi Ngiri, unajua adhabu ya kumsingizia mtumishi wangu?"

"Naijua, Mfalme. Niruhusu swali moja, kisha uniadhibu." Akawageukia wenzake. "Jamani, yupo hapa aliyewahi kulipata fungu hilo? Si lazima awe maskini. Labda mkokoteni ulikosea njia tu ukamwangukia mlangoni."

Wengine wakacheka kidogo. Kisha kicheko kikafa, kwa sababu kila mmoja alingoja jibu la mwenzake, na jibu halikuja.

"Mimi ni maskini," Nungunungu akasema. "Sijapata."

Sungura akapangusa mafuta mdomoni kwa mgongo wa mkono. Sauti ilimtoka ikiwa imechanika. "Mimi napika mawe. Nisamehe, Bi Ngiri. Nilipaswa kutangulia."

Wakasikia kitu kikianguka kutoka juu. Kilikuwa kijiti. Bibi Twiga alikuwa amefumba macho. "Na mimi," akanong'ona, ila kwa urefu ule mnong'ono wake uliwafikia wote. "Hata sikumbuki nilikula lini kitu cha kunasa menoni."

Basi ikawa kama bwawa lililobomoka. "Na mimi! Na mimi! Hata sisi!" Mabinti wa Swala walilia wakakumbatiana. Nyani mmoja alicheka hadi akaanguka, kwa sababu kwa miezi alikuwa akimwonea wivu jirani yake kwa harufu ya mchuzi, na mchuzi wenyewe ulikuwa ngozi kuukuu ya ngoma.

Simba akamgeukia Fisi. Akamtazama shingo yenye mikunjo, akamtazama tumbo, kama anayeliona kwa mara ya kwanza. Wanyama wote wakalitazama tumbo lile.

Fisi akatimua mbio. Mwenye akili angekimbilia mbali, lakini yeye alikumbuka magunia yaliyobaki pangoni mwake, na roho ikamuuma kuyaacha. Akajitosa pangoni, akabugia alichoweza kubugia, akajaribu kutoka na gunia moja kwapani. Walipofika walimkuta amekwama mlangoni, kichwa nje, tumbo ndani, na gunia hataki kuliachia. Ilibidi wanyama wenye njaa, waliokuwa hawana nguvu, wamvute kwa kamba huku wakipumzika.

Simba hakuweza kuomba radhi, kiburi kilimzuia. Alisema tu, akitazama kando, "Nilikuwa nikisifiwa kwa chakula ambacho hakuna aliyekionja." Kisha akampa Bi Ngiri ufunguo wa ghala.

Bi Ngiri aligawa chakula mchana kweupe, mlangoni, kila mtu na bakuli lake. Siwazuri alikunywa uji, akaanza kukaa, kisha kusimama, kisha kusumbua wenzake. Mara ya kwanza Bibi Twiga alikuja kwenye foleni amejifunika matawi, jambo ambalo kwa twiga halisaidii. Mara ya pili alikuja bila matawi.

Fisi alinyang'anywa kila kitu, na haukupita muda akakonda. Siku moja wakamwona mwisho wa foleni, ameshika bakuli, mbavu zinahesabika.

"Maskini huyo!" Nyani akapiga kelele. "Mtazameni maskini!" Foleni nzima ikaangua kicheko.

Bi Ngiri akainua kichwa. "Mchekeni kwa wizi wake, ameyataka mwenyewe," akasema. "Kwa njaa, hapana. Njaa kila mmoja wenu alikuwa nayo."

Foleni ikasogea hadi zamu ya Fisi ikafika. Alinyoosha bakuli bila kuinua macho. Bi Ngiri akachota mtama, akajaza kibaba, akapitisha kidole juu kukisawazisha kama alivyowafanyia wote, akammiminia.

"Anayefuata," akasema.