Zimwi la Mlangoni kwa Mwanakheri

Sogeeni, wajukuu zangu, mnipe masikio.

Bibi Mwanakheri alikuwa na zimwi mlangoni pake. Kila alipotoka, lilimuuliza, "Una hakika umezima moto?" Naye hurudi jikoni akamwagia majivu maji tena. Hivyo ndivyo alivyokosa arobaini ya kuzaliwa kwa mjukuu wa kwanza, akakosa na ya wa pili.

Siku ya arobaini ya mjukuu wa tatu alirudi mara moja, mara mbili, mara tatu. Zimwi likauliza tena. Mwanakheri akajibu, "Sina hakika, mwenzangu. Nakwenda hivyo hivyo."

Zimwi likanywea, likawa kama kifaranga. Likamfuata njia nzima likiuliza, mpaka akafika, akampakata mtoto.

Na moto, ulikuwa umezimika? Hata mimi sijui. Tulale hivyo hivyo.