Pimbi na Petroli ya Kiboko

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Mbona mnaitikia kama mmelala njaa? Paukwa!"
"Pakawa!"
"Paliwaka moto usiopika ugali."
"Uliwakia wapi?"
"Uliwakia ndani ya chuma, ukapandisha maji mlimani."
"Tupe nasi tunywe!"
"Nitawapa. Lakini yakinuka msije mkanilaumu."

Basi hapo kale, kale ya juzi juzi tu, palikuwa na mlima wa mawe matupu. Juu ya mlima alikaa Pimbi na wenzake wadogo wadogo, digidigi, kanga, kobe na wengineo. Mawe walikuwa nayo, jua walikuwa nalo, maji hawakuwa nayo hata ya kunawa. Maji yalikuwa chini kabisa, bwawani. Na pale kando ya bwawa palikuwa na pampu ya petroli, mashine ndogo yenye ekzosi iliyopinda. Ikiwashwa, inavuta maji na kuyapandisha kwa bomba mpaka juu. Isipowashwa, mlimani wanalamba mawe.

Mwenye kuitunza mashine alikuwa Chura. Alikaa pale pale bwawani, chini ya bomba, na alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Mashine ikianza kuunguruma, naye anaanza kuimba akiifuata. Mashine ikisema tutu-tutu-tutu, Chura anaingia: kroo! Tutu-tutu-tutu, kroo! Na wanawe bwawani wanaitikia, kri-kri-kri. Kule juu Pimbi akisikia ile kroo imeingia mahali pake, anajua maji yako njiani, anapanga ndoo.

Pimbi alimpenda Chura, niseme tu wazi. Kila jioni aliteremka akakaa juu ya mashine iliyozimwa karibuni, maana pimbi anapenda joto, wakapiga soga mpaka chuma kikapoa.

Sasa, petroli ilitoka kwa nani? Kwa Kiboko. Kiboko alikaa bwawa hilo hilo, ng'ambo ya pili, na mapipa yake ameyapanga ukingoni. Alikuwa na tumbo, alikuwa na mdomo, alikuwa na guta, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo. Yeye mizigo hakubeba. Alijibeba mwenyewe, akizunguka na mwavuli ili jua lisimchome ngozi.

Mwanzoni petroli yake ilikuwa safi. Halafu uroho ukampanda kichwani. Akatwaa mafuta ya taa, akayamimina kwenye petroli, akakoroga kwa mguu. Mnaujua mchezo huo, unaitwa kuchakachua. Pipa moja likawa mawili. Lakini la guta lake mwenyewe, safi kabisa, alilificha nyuma ya matete.

Asubuhi Chura akawasha. Mashine ikasema tutu-ko! Tutu-ko! Moshi mweusi, fuuu! Chura akafungua mdomo aingie, akakosa pa kuingilia. Tutu-ko-ko! Akaingia, akapotea. Wanawe wakanyamaza.

Juu mlimani Pimbi akashtuka. Akateremka mbio.

"Dada Chura, una mafua?"

"Mimi mzima. Mashine ndiyo mgonjwa. Sikiliza inavyogonga."

"Inagonga nini?"

"Inajigonga yenyewe. Ona, kaka Pimbi. Ndani mle petroli inabanwa, inabanwa sana, halafu plagi inatoa cheche, ndipo iwake. Petroli nzuri ina subira. Inabanwa, inangoja cheche. Hii ya leo haina subira. Ikibanwa kidogo tu inalipuka kabla ya zamu yake, inamtwanga pistoni, ule mchi wa chuma wa mle ndani, kichwani wakati bado anapanda. Ko! Ko! Akitwangwa hivyo kila siku, atapasuka."

"Na ile namba ya okteni aliyoiandika Kiboko kwenye pipa?"

"Ndiyo namba ya subira hiyo. Ukiiona kubwa, petroli inaweza kungoja. Lakini pipa linasema moja, mashine inasema lingine. Mimi naiamini mashine."

Wakaenda kwa Kiboko.

"Bwana Kiboko, shikamoo. Petroli yako inagonga."

Kiboko akacheka mpaka maji yakatikisika. "Mafuta ni mafuta! Yanawaka, hayawaki?"

"Yanawaka."

"Basi nendeni." Akachukua chaki, akafuta namba ya pipa, akaandika kubwa zaidi. "Haya, nimewaongezea nguvu."

Wakarudi. Tutu-ko! Tutu-ko! Fuuu! Vifaranga vya kanga vikaanza kukohoa masizi. Wakaenda tena.

"Bwana Kiboko, shikamoo. Bado inagonga, na moshi unatuua."

"Mafuta ni mafuta! Yanawaka, hayawaki?" Akafuta, akaandika namba nyingine, kubwa mpaka ikazunguka pipa, chaki ikaisha. "Sasa mnataka nini tena? Hata ndege haziruki na namba kama hiyo!"

Pimbi akaitazama ile namba, akalitazama guta linalong'aa chini ya kivuli, likinguruma tutu-tutu bila moshi. Akaaga, akapanda zake mlimani. Pimbi akiondoka bila kubisha, kaa ukijua ana lake.

Siku iliyofuata akaja ameinamisha kichwa, adabu tele. "Bwana Kiboko, wazee wa mlimani wanakuita. Wanataka kukuvisha kilemba kwa wema wako. Njoo na guta, njoo na pipa la petroli yetu, watu wote wakuone."

Kiboko na sifa! Akaoga, akapaka tope jipya, akaja. Wanyama wote wamejaa chini ya mlima. Wakampigia vigelegele, wakamvisha kilemba cha majani. Na wakati amefumba macho anavishwa, Pimbi kwa vidole vyake vidogo akachomoa mpira wa tangi la guta. Churu-churu-churu, petroli safi yote ikaingia kwenye kibuyu. Akarudisha mpira. Akapanda juu ya jiwe.

"Jamani, kwetu mgeni akipewa togwa, nani anaonja kwanza?"

"Mwenye togwa!"

"Kwa nini?"

"Mgeni ajue haina sumu!"

"Na mashine yetu kwa Bwana Kiboko si mgeni? Kila siku inapokea kwake, na hajawahi kuionjea. Leo ataionjea!"

"Ataionjea! Ataionjea!"

Kiboko macho yakamtoka. "Ninywe petroli mimi?"

"Hasha, mzee wetu. Guta litakuonjea. Tangi lake kavu, angalia mwenyewe. Jaza hii hii ya kwetu, panda mlima, ushuke. Mafuta si ni mafuta?"

Angefanyaje? Kilemba kichwani, watu wote wanamtazama. Akajaza. Akawasha. Pale kwenye tambarare, tutu-tutu, akatabasamu. Akaanza kupanda mlima, na tumbo lile, na mzigo ule. Tutu-ko! Akakaza mafuta. Ko-ko! Moshi fuuu! Akakaza zaidi. Ko-ko-ko-ko, PAA! Pistoni ikatoboka. Guta likasimama, likawaza kidogo, likaanza kurudi nyuma. Kiboko na mwavuli, Kiboko na kilemba, kinyumenyume mpaka kwenye miiba. Mwaaa!

Wanyama walicheka mpaka kobe akalala chali. Chura alicheka mpaka akashindwa kuruka. Cheka nawe, cheka sasa hivi, maana mbele huko hakuna pa kuchekea.

Pimbi akasimama juu ya tumbo la Kiboko, mikono kiunoni. Alikuwa amelewa ushindi. Akasema maneno ambayo angetoa mkia wake kuyarudisha, kama angekuwa na mkia.

"Kiboko, kesho asubuhi nakuja kukagua mapipa yako. Nisikute uchafu huu hata tone moja. Umesikia?"

"Hata tone moja," akasema Kiboko, akichomoa miiba.

"Hata tone moja!" wakaitikia wote. Chura naye akaitikia.

Kutokubakia tone, hilo Pimbi alilisema. Yakamwagwe wapi, hilo hakulisema. Wala hakuna aliyemuuliza. Walikuwa bado wanacheka.

Jioni ile ile, jua halijazama, Kiboko akayaviringisha mapipa yake mpaka ukingoni. Akang'oa vifuniko. Gulu-gulu-gulu. La kwanza bwawani. Gulu-gulu-gulu. La pili bwawani. Akaendelea mpaka likaisha la mwisho, akayasuuza vizuri, na maji ya kusuuzia akayamwaga pale pale. Si kaambiwa hata tone?

Asubuhi Pimbi akateremka na kibuyu chake cha petroli safi, anapiga mluzi. Kiboko alikuwa amekaa nchi kavu, anajikuna.

"Nusa," akasema. "Hata tone moja."

Pimbi akanusa pipa moja moja. Safi. Akafurahi! Akaenda kwenye mashine, akajaza tangi, akavuta kamba. Na mashine, jamani, mashine ikasema vizuri kuliko siku zote. Tutu-tutu-tutu. Haina ko, haina moshi. Tutu-tutu-tutu.

Pimbi akangoja Chura aingie.

Tutu-tutu-tutu.

"Dada Chura, ingia! Leo imepona!"

Tutu-tutu-tutu.

Ndipo akageuka kulitazama bwawa. Lilikuwa na rangi. Lilikuwa na rangi zote, zinazunguka polepole juu ya maji, nzuri hata ungempa mtoto achezee. Na chura, mnajua, hapumui kwa pua tu. Ngozi yake nayo inapumua, na ile ngozi ilikuwa imepakwa petroli usiku kucha.

Akamkuta chini ya bomba.

"Kaka Pimbi," akasema Chura, kwa sauti ndogo. "Imewaka?"

"Imewaka, dada."

"Inagonga?"

"Haigongi. Imetulia kabisa. Sikiliza."

Chura akafungua mdomo aingie. Tutu-tutu-tutu. Mdomo ukabaki wazi.

Wanawe walikuwa wanaelea, weupe upande wa tumbo. Pimbi alikaa nao mpaka petroli ikaisha, mashine ikajizimia yenyewe.

Mlimani ndoo zilijaa siku ile. Digidigi akanywa, akatema. Kanga akanywa, akatema. Kiboko ngozi ilimuwasha mpaka akahama, akateremka na mto kutafuta bwawa jingine, na nasikia huko nako ana mapipa.

Na Pimbi? Ukipita penye mawe jua likizama utamsikia. Anapiga kelele, kra! kra! kra!, anapanda nayo juu, juu, halafu ghafla ananyamaza. Watu husema anaita jike. Mimi nasema anampa Chura nafasi ya kuingia. Ananyamaza, anasikiliza, anaona kimya. Anaanza tena.

Haya, funzo. Ngano lazima iwe na funzo, msije mkasema nimewapunja. Funzo ni kwamba ujanja hushinda nguvu, mdogo hushinda mkubwa, na kila mtu hubaki salama salimini. Pigeni makofi.

Mbona hampigi?

"Hadithi yangu imefika, tangi limekauka. Nizime?"
"Zima!"
"Nimezima. Nani anaitikia?"