Mbwa Aliyeitwa na Watu Watatu

Haya, pukuchueni mahindi. Mikono ifanye kazi, masikio mnipe mimi. Anayesinzia asije akaniuliza mwishoni.

Palikuwa na nyumba moja huko milimani, mama na wanawe wawili, kila mmoja na kibanda chake. Mama ni Nangasu. Mkubwa ni Sempombe, hakujaliwa mtoto. Mdogo ni Mrutu, huyo alikuwa na mkewe Nakundwa na kabinti kao kamoja, Naelijwa, ndiyo kwanza kanatambaa. Na mbwa wao mmoja, Watasema. Msicheke, ndilo jina lake.

Yule mbwa kila mtu alimlea kivyake.

Sempombe alikuwa na mkono wa kamba. Akisema, "Watasema, njoo!" mbwa akaja, kamba shingoni, anafungwa mpaka jioni. Kila siku hivyo. Mwisho mbwa akisikia "njoo" anasimama mbali, anamtazama tu.

Nakundwa alikuwa na mdomo. "Toka jikoni! Toka mlangoni! We mbwa, toka!" Kutwa nzima, na yeye mwenyewe hainuki kwenye kigoda chake. Mbwa akalala pale pale. Maneno yale kwake yalikuwa mvua juu ya bati.

Nangasu yeye alikuwa na huruma. Akimwita mbwa, mbwa akikataa, anambembeleza: "Njoo baba, njoo mume wangu, haya shika mfupa." Basi mbwa akajua, akikataa ndiyo anakula.

Siku hiyo Mrutu kashuka bondeni na ng'ombe. Hawa watatu wako shambani, mahindi yamekomaa. Nakundwa kamkalisha Naelijwa kivulini chini ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba. Mara nyani wakateremka kwa juu, kundi zima. Wote wakapanda mbio na fimbo. Mbwa hakwenda.

"Watasema, njoo!" Sempombe aliita.

Mbwa kasimama mbele ya mtoto, manyoya yamemsimama. Mtoto anataka kupita, mbwa anamsukuma kwa ubavu. Mtoto akapinduka, akalia.

"Mama, anamla mwanangu!" Nakundwa akapiga kelele. "Toka! Toka hapo, we shetani!"

Hakugeuza hata sikio.

"Njoo mume wangu," Nangasu naye akabembeleza. "Njoo nikupe mfupa." Mbwa hakusogea. Anangoja aletewe huo mfupa mpaka pale, kama alivyozoea.

Sempombe akaokota jiwe. Akamrushia, likampata mbavuni. Mbwa alilia, akapepesuka, akarudi pale pale. Wakateremka wote watatu wakikimbia, Nakundwa khanga imemdondoka hana habari. Sempombe keshainua panga, ampasue mbwa kichwa.

Ndipo wakamwona. Swila, yule nyoka wa kutema, shingo kaitanua kama sinia, amesimama kwenye majani. Kati yake na mtoto ni mbwa tu. Macho ya mbwa yameshajaa mate ya sumu, haoni, anabweka ovyo.

Fimbo na panga zikashuka pamoja. Nani alimpiga nyoka kwanza? Hakuna ajuaye, wala msinipotezee wakati nalo.

Mrutu akarudi, akasikia, akachinja kondoo. Sasa ukoo ule una desturi yake: anayemtoa mtoto kwenye mdomo wa mauti anapewa kidari, ile nyama ya kifua. Mtu mmoja tu, hakigawanywi. Na akishakila, mtoto akiota meno ya pili anahamia kwake, analelewa huko.

Hapo ndipo nyumba ilipowaka.

"Kidari changu," Sempombe akasema. "Mbwa angekuja nilipomwita, leo tungekuwa tunachimba kaburi. Nani alimfundisha asije? Kamba yangu."

"Shemeji, wewe si ulimpiga jiwe!"

"Na alikwenda?"

"Basi na mimi nilimfukuza, alikwenda?" Nakundwa kamkumbatia mtoto mpaka mtoto anasukumana naye. "Mdomo wangu mnaousema kila siku ndio uliomtia uziwi. Mwanangu haendi kwa mtu."

Nangasu akacheka kwa uchungu. "Mkwe wangu, kamba anaiogopa, kelele hazisikii. Lakini mfupa anaupenda! Mimi ndiye ningemng'oa pale, kama nisingemzoesha kubembelezwa. Nyumbani kwangu nalala na majivu. Mtoto aje aniwashie moto."

"Mama, una wajukuu wengine watakuja. Mimi sina hata mmoja."

"Na mimi ninaye huyu huyu, shemeji."

Mrutu kashika kisu. Kidari kiko juu ya jani la mgomba, mafuta yameanza kuganda. Kulia kaka yake, kushoto mama yake, mbele mkewe. Hakuna anayepepesa jicho.

Wewe huko, usinitajie mbwa. Mbwa alioshwa macho kwa maziwa, akapewa utumbo, akashiba. Mbwa halei mtoto.

Angemtii hata mmoja, mtoto amekufa. Waliomfanya asitii ni watatu, na kidari ni kimoja.

Haya, kisu hicho nakupa wewe. Unampa nani, na hao wawili utawatazamaje usoni?